Kabla ya Goli, Maji: Uwanja wa Mpira wa Kikapu Nyuma ya Nyumba

Habari za jioni wazazi wenzangu, majirani, na ninyi vijana mliokaa pale nyuma na mpira wenu. Wakubwa, shikamooni.

Wengi mlionipigia simu wiki hii mmeniuliza bei ya goli. Goli tutalifikia. Naomba tuanze na maji, kwa sababu uwanja wa zege ni paa lililolala chini. Mvua ikishuka juu yake haina pa kuzama. Itakwenda mahali, na mahali hapo upachague wewe kabla fundi hajashika koleo.

Hili nilifundishwa na bibi mmoja. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu ya bustani nilisimamia uwanja wa mita 10 kwa 9 kwa familia moja huku Mbezi, Dar es Salaam. Sakafu ilinyooka, mistari ikapendeza, watoto wakaanza kucheza Januari. Masika ilipoingia, asubuhi moja nikaitwa. Nyumba ya pili, upande wa bondeni, godoro lilikuwa limeanikwa juu ya ukuta. Nikamwamkia mwenye nyumba. Akaitikia marahaba, akanishika mkono, akanipeleka jikoni kwake. Mchanga mwembamba ulikuwa umetanda sakafuni mpaka chini ya jiko la mkaa, na ukutani alama ya maji ilifika usawa wa kifundo cha mguu. Akaniuliza, "Mwanangu, haya maji ni ya nani?"

Yalikuwa yangu. Pale mwanzo palikuwa na mchanga na ukoka, na mvua ikinyesha ardhi inakunywa. Nilipopafunika kwa zege, niliyatuma maji yote kwake bila kumwomba ruhusa.

Tupige hesabu. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Uwanja wa mita 90 za mraba ukipigwa na mvua ya milimita 50, na masika ya Dar mvua ya namna hiyo kwa siku si ajabu, hizo ni lita 4,500. Ni tangi zima la wastani unalomwagia jirani kwa siku moja. Mnaikumbuka Desemba 2011, watu wa bonde la Msimbazi wakiwa juu ya mapaa, baadaye familia nyingi zikapelekwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Sisemi viwanja vya nyumbani ndivyo vilivyoleta mafuriko yale. Nasema kila ua tunaouziba kwa zege au pevingi unaongeza maji mtaroni, na mtaro hauna kwingine pa kuyapeleka ila mtoni.

Kwa hiyo sakafu iinamie upande mmoja, sentimita 1 kwa kila mita. Mchezaji haoni tofauti, maji yanaiona. Upande wa chini chimba mfereji mwembamba ufunikwe kwa vyuma vya wavu, uelekee kwenye tangi la ardhini au shimo la kokoto ndani ya kiwanja chako mwenyewe. Ukingoni panda mchaichai. Mizizi yake inashika udongo, na jioni una chai. Maji ya tangi hilo ni ya bustani na kuosha gari, msiyanywe.

Sasa ukubwa. Uwanja kamili wa kimataifa ni mita 28 kwa 15. Hata ule wa watatu kwa watatu ni mita 15 kwa 11. Wengi wetu tuna kiwanja cha ishirini kwa ishirini, na nyumba imeshakaa katikati. Usikate tamaa. Kutoka mstari wa nyuma hadi kilele cha mstari wa pointi tatu ni mita 8 na sentimita 33 hivi, kwa hiyo ukipata mita 10 za kwenda mbele na 9 za upana, mtoto anaweza kutupa pointi tatu akiwa mbele ya goli. Atakachokosa ni mitupo ya pointi tatu ya pembeni kabisa. Mitupo huru inapigwa mita 4.6 kutoka kwenye ubao, hiyo inaingia hata kwenye ua mdogo. Ila chunguza shimo la choo liko wapi. Usilifunike kamwe, na gari la kunyonya lazima lipate njia.

Goli likae kaskazini au kusini. Watoto wetu wanacheza kuanzia saa kumi jioni jua likipoa, na saa hizo jua liko magharibi, chini. Goli likikaa magharibi, kila anayeinua macho kutupa anachomwa. Mti wa kivuli panda upande huo wa magharibi: mwarobaini unafaa, mita 4 au 5 mbali na sakafu. Mkungu, hapana. Kivuli chake ni kitamu lakini mizizi itainua zege, na majani yake mapana yakilowa yanateleza.

Kwenye zege naomba mnisikilize kwa makini, maana hapo ndipo pesa inapopotea. Ondoa udongo wa juu wenye mizizi, weka moramu, ule udongo wa changarawe, shindilia kwa tabaka, mwagilia kidogo, shindilia tena. Kama una udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaovimba mvua na kupasuka kiangazi, uchimbe utoke. Unene wa sentimita 10 kwenye mita 90 za mraba ni mita 9 za ujazo. Kwa uwiano wa saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, hiyo inakula karibu mifuko 58 ya saruji ya kilo 50. Simama pale ndoo zinapohesabiwa. Mchanga usiwe wa baharini, chumvi yake itaula wavu wa chuma ulioulaza ndani. Na fundi akitaka kuongeza maji ili zege limiminike kirahisi, mkatalie kwa upole. Zege la uji linapasuka.

Likishamwagwa, msipige niru, ule uji wa saruji unaolainisha sakafu. Najua niru inapendeza sebuleni, lakini mtoto anayekimbia juu ya niru yenye jasho na umande ataanguka na kuvunja mkono. Zege likianza kukaza, vuta ufagio wa chelewa juu yake, mkono mwepesi, mistari yote ielekee kule maji yanakokwenda. Ukipapasa unapaswa kuhisi kama ulimi wa paka. Kata viungo kila mita 3, kina robo ya unene, ili likipasuka lipasukie humo. Kisha funika kwa magunia, uyaloweshe asubuhi na jioni kwa siku 7 angalau. Mafundi wakishalipwa wanaondoka, kwa hiyo kazi hiyo ni ya kwenu nyumbani, na jua letu halisubiri.

Shimo la nguzo lichimbwe kabla ya sakafu, sentimita 60 kila upande na kina cha mita moja na zaidi. Nguzo iwe ya bomba lililopakwa zinki, upepo wa bahari unakula chuma kitupu. Ubao utokeze mbele ya nguzo, mtoto asijigonge. Ringi ni mita 3.05 kutoka sakafuni. Kimo hicho kilitokana na roshani ya ukumbi kule Springfield, Marekani, James Naismith alipotundika vikapu vya matunda mwaka 1891. Pima kutoka sakafu iliyo chini ya ringi yenyewe, kwa kuwa sakafu yako imeinama. Kama una watoto wa darasa la tatu au la nne, tafuta ringi inayopanda na kushuka, uanzie mita 2.60. Mtoto anayerusha kwa nguvu zote ili tu mpira ufike anajifunza kutupa vibaya, na kumrekebisha baadaye ni kazi.

Kitu cha mwisho ni ukuta. Mpira utaruka, na juu ya kuta zetu nyingi kuna vipande vya chupa. Simamisha mabomba mawili nyuma ya goli, nenda soko la samaki la Feri, ulizia wavu mkuukuu wa kuvulia wenye uzi mnene, utandike kati yake. Na kabla ya yote, nenda kwa jirani ukiwa na mtoto wako, mkubaliane saa za kudunda mpira, na kwamba siku akiwa na mgonjwa au msiba mpira unalala ndani.

Yule bibi tulimchimbia mfereji, tukazungusha maji yakaingia kwenye tangi. Siku hizi bomba la tangi lile lina mdomo upande wake wa ukuta, anamwagilia mchicha.

Nimekuja na uzi, vigingi na ule mpira mwembamba wa maji wa kupimia usawa. Tutoke hapo nje kabla giza halijaingia, vijana watusaidie kushika, tupime mita 10 kwa 9 na tuone ardhi hii inainamia wapi.