Kichocheo chako kinazingua? Kiponde kwanza ndo utajua

Mambo vipi wadau, leo hatuongei sana, tunaponda. Una riakta ya bomba umeijaza punje za kichocheo, yaani kile kinachoharakisha mmenyuko wa kemikali bila chenyewe kuisha, gesi inaingia huku inatokea kule, matokeo hafifu, na wengi hapo wanakimbilia kupandisha moto. Subiri kwanza.

Chukua punje moja iliyotumika, ikate katikati na wembe, taratibu hivi isivunjike... ngoja nisogeze kamera. Umeona? Pembeni nyeusi, masizi ya kaboni, katikati bado nyeupe vilevile. Hii yangu gesi haikufika ndani. Punje ina vitundu vidogo sana kama sponji na kazi inafanyika kwenye kuta za hivyo vitundu, sasa kama gesi inaliwa haraka kuliko inavyopenya basi inaishia njiani, huko katikati umelipia bure. Si kila punje itajionyesha hivi kwa macho, ndo maana tunapima.

Pima gramu 20 za punje nzima, hizi za milimita 6, jaza, weka joto na mtiririko, subiri itulie, andika kasi ya gesi kugeuka. Hakikisha gesi inayogeuka haizidi asilimia 10 hivi, ikizidi namba zitakudanganya.

Sasa kinu na mchi. Ponda, chekecha ubaki na za milimita 2, na ule unga tupa jamani, ukiuacha utaziba bomba. Pima tena gramu 20 zilezile, joto lilelile, mtiririko uleule. Kasi haijabadilika? Tatizo lako si humo ndani ya punje. Imepanda? Umempata mwizi: gesi haifiki katikati ya punje.

Hesabu yake aliiweka mhandisi wa kemia Thiele mwaka 1939, inaitwa namba ya Thiele: chukua kasi ya mmenyuko gawanya kwa kasi ya gesi kupenya, jibu litafutie kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa nusu kipenyo cha punje. Kwa mmenyuko wa oda ya kwanza, yaani gesi ikiwa nyingi mara mbili na kasi inakuwa mara mbili, kasi 10 kwa sekunde na upenyaji mita mraba 0.000001 kwa sekunde, punje ya milimita 6 inakupa namba ya kama 9.5, yaani inafanya asilimia 28 tu ya uwezo wake, ya milimita 2 inakupa 3.2, asilimia 65. Kichocheo kilekile, kazi zaidi ya mara mbili!

Na ule moto? Ukipandisha, mmenyuko unakimbia ila upenyaji unasogea kidogo tu, kwahiyo gesi inaishia karibu zaidi na ganda.

Ila usiende kuponda tani nzima, punje ndogo zinabana gesi na presha inayopotea njiani inapanda vibaya. Kwenye kutengeneza amonia, riakta ambazo gesi inashuka wima zinatumia milimita 6 mpaka 10, zile ambazo gesi inapita kwa ubavu, njia fupi, ndo zinamudu 1.5 mpaka 3. Wa kugeuza methani kwa mvuke wao wanatoboa punje matundu, kuta za punje zinakuwa nyembamba na gesi bado inapita, kwahiyo ukienda kuagiza ulizia zenye matundu kabla hujauliza bei.