Sanaa ya Intaneti: Pima Kwanza, Okoa Baadaye

FURAHA: Karibuni, wa hapa Goma na popote mlipo. Leo ni kazi za sanaa zilizozaliwa ndani ya intaneti. Bahati, mtu anakuletea anwani, anasema kazi imeharibika. Unaanzia wapi?

BAHATI: Usiiguse kwanza, yaya. Andika ilipaswa kufanya nini: ukibofya hapa kinatokea nini, sauti inaanza lini, picha inakawia kiasi gani. Chukua "My Boyfriend Came Back from the War" ya Olia Lialina, ya 1996. Imejengwa kwa fremu: ukibofya, dirisha linazidi kugawanyika. Modemu za enzi zile zilileta picha kwa kukokota, na kule kungoja kulikuwa ndani ya kazi. Leo inafunguka mara moja. Faili zote nzima, ila kuna kitu kimetoka.

FURAHA: Na picha ya skrini haitakuonyesha hilo.

BAHATI: Haikuonyeshi. Rekodi video mtu akiitumia. Kisha bonyeza F12 kwenye kivinjari, zana za ukaguzi zifunguke; fungua sehemu ya mtandao (Network), pakia ukurasa upya. Usome mistari myekundu, yaani faili zilizokwama, mmoja mmoja. 404 maana yake seva ipo, faili haipo. Seva isipojibu kabisa, huenda kikoa, yaani jina la tovuti, hakikulipiwa. Kuna na faili la HTTP, njia isiyo na ulinzi, ndani ya ukurasa wa HTTPS, wenye ulinzi: lipo, lakini kivinjari kinalikataa. Kila ugonjwa na dawa yake.

FURAHA: Na kazi za Flash, ile programu ya zamani ya michoro-hai na michezo ndani ya kivinjari?

BAHATI: Adobe iliiacha mwisho wa 2020, ikaizuia tangu 12 Januari 2021. Tunza faili la .swf lilivyo, liendeshe kwa Ruffle, programu inayoiga Flash. Inamudu ActionScript, lugha ya msimbo ya Flash, toleo la 1 na 2 vizuri kuliko la 3, kwa hiyo jaribu kila kitufe. Wengine wanaigeuza kuwa video na kusema imeokoka. Kazi ya kubofya ukiifanya ya kutazama, umeiua!

FURAHA: Taratibu, kaka. Lakini kuna wakati lazima msimbo uguswe.

BAHATI: Kweli. "Brandon" ya Shu Lea Cheang, ya 1998, ilitegemea programu ndogo za Java ambazo vivinjari vilizitupa. Jumba la makumbusho la Guggenheim, New York, waliirekebisha, ikaonekana tena 2017. Msimbo wa zamani hawakuufuta. Waliuzima tu na kuuacha palepale pembeni ya mpya, na maelezo yake. Atakayekuja baada yao anaona kilichobadilishwa.

FURAHA: Sasa tuseme ni nzima, tunataka nakala.

BAHATI: ArchiveWeb.page, programu ya kurekodi kurasa, inaingia ndani ya Chrome. Inanasa kile tu ulichokifungua, basi pita kila njia, shuka hadi chini ya kila ukurasa. Mega zinaliwa hasa na video. Ukimaliza, toa rekodi kama faili la WACZ, linalobeba kurasa zote, siku ileile, kwani rekodi inakaa ndani ya kivinjari. Mtu akisafisha data zake, imekwenda. Weka nakala kwenye diski mbili, zisikae nyumba moja, na uandike alama ya SHA-256 ya faili, inayokokotolewa na kompyuta kutokana na yaliyomo. Ni herufi na tarakimu 64; ikibadilika hata moja, faili si lile.

FURAHA: Nitajuaje kama nakala imekamilika?

BAHATI: Ifungulie kwenye ReplayWeb.page, ya kuonyesha rekodi hizo, iliyowekwa ndani ya kompyuta kama programu. Zima Wi-Fi, toa na modemu. Nakala mbovu huchota vipande kutoka mtandao wenyewe, ikakudanganya. Palipobaki peupe, hukupanasa. Washa tena, rudi ukapabofye.