Kioo Kidogo Kisichoshuka

KASSIM: Karibuni tena kwenye kipindi. Mimi ni Kassim, na pembeni yangu yupo dada Zuhura, fundi wa vioo vya magari, ambaye leo kaja na vidole vyeusi utadhani katoka kupiga chapa.

ZUHURA: Ni gundi hiyo. Haitoki kwa sabuni wala kwa dua. Unaisubiri mpaka ngozi ijivue yenyewe.

KASSIM: Na gundi hiyo ni ya kazi yangu, kwa hiyo leo naungama hadharani. Niliazima gari la shemeji. Gari la kifahari, lile ambalo mlango ukiufunga hausikii kishindo, unasikia kama mtu kafunga kitabu kinene. Nimeliegesha kando ya uwanja wa majani, jamaa anapita na mashine ya kukatia nyasi. Nikasikia "ta!" Sauti ndogo tu.

ZUHURA: Jiwe.

KASSIM: Kokoto, haizidi punje ya hindi. Nageuka, kile kioo kidogo cha nyuma kulia, kile cha pembetatu kisichoshuka wala kupanda, kimekuwa cheupe chote. Bado kimesimama lakini! Nikasema alhamdulillahi, kimepasuka tu. Nikakigusa kwa kidole.

ZUHURA: (anacheka) Kwa nini ulikigusa?

KASSIM: Sijui. Mkono ulikwenda wenyewe. Kikamwagika chote ndani ya gari. Chote, dada.

ZUHURA: Hicho ni kioo kilichokazwa kwa moto. Kiwandani kinapashwa mpaka kupita nyuzi 600 za selsiasi, halafu kinapulizwa upepo wa baridi kwa ghafla. Ngozi ya nje inaganda kwanza, tumbo linaganda baadaye huku likijivuta. Basi maisha yake yote kioo hicho kina ugomvi ndani yake: nje kunabanwa, katikati kunavutwa. Ndiyo maana kina nguvu kuliko kioo cha dirisha la nyumba, na ndiyo maana ukikitoboa mahali pamoja tu, ugomvi wote unafumuka kwa mpigo. Hakikatwi, hakitobolewi, hakizibwi.

KASSIM: Nilitaka kuuliza hilo. Kioo cha mbele kikipata nyufa ndogo mafundi wanakichoma sindano ya gundi, kinaendelea na maisha.

ZUHURA: Kwa sababu kioo cha mbele ni vioo viwili vilivyoshikana na utando wa plastiki katikati. Ufa unaishia kwenye utando. Kile cha kukazwa hakina pa kuishia. Ila usidhani gari zima ni namna moja. Magari ya kifahari mengi siku hizi vioo vya milangoni ni vya utando pia, maana unazuia kelele na unamchelewesha mwizi. Mercedes walifika mbali zaidi na ile S-Class ya mwaka 1991, ambayo mafundi wanaiita W140: vioo vya pembeni vilikuwa viwili viwili na nafasi ya hewa katikati. Sasa fikiria fundi aliyezoea kipande kimoja akutane na kile.

KASSIM: Mimi nikajipa moyo, kioo chenyewe kidogo kama sahani, hakitanisumbua.

ZUHURA: Wote mnasema hivyo. Hata wezi wanavunja hicho wakidhani wanakuonea huruma. Kile kikubwa cha mlangoni kinateremka, kimeshikwa na mashine ya kupandisha. Fundi anafungua plastiki ya mlango, analegeza nati, anachomoa, anaweka kingine. Hiki kidogo kimegandishwa kwenye bodi. Tena mara nyingi ule mpira unaokizunguka haukuvalishwa baadaye. Umefinyangwa pamoja na kioo kiwandani, pamoja na ule mstari wa nikeli kwa nje. Unanunua vyote kwa pamoja. Huwezi kusema nipe kioo tu, mpira ninao.

KASSIM: Hayo niliyajua nimeshachelewa. Fundi wa kwanza, jina lake tuliache, alikuja na kioo ndani ya nusu saa. Nusu saa! Nikamsifu kabisa. Akapaka gundi, akakibandika, akasema twende.

ZUHURA: Gundi ya rangi gani?

KASSIM: Nyeupe-nyeupe hivi, kama ya bafuni. Na gari likanuka siki siku tatu. Shemeji akaniuliza ulikuwa unabeba achari?

ZUHURA: Siki! Basi huhitaji kuniambia zaidi. Hiyo ni silikoni, na ile harufu ni asidi inayotoka wakati inakauka. Asidi hiyo ikikuta mahali rangi imekwaruzwa, chuma kinaanza kula kutu kimya kimya chini ya kioo. Na ubaya wa pili: silikoni ikishapaka mahali, gundi ya kweli haishiki tena pale mpaka uisafishe yote. Kwenye gari la shemeji yako nilitumia muda mwingi kutoa silikoni kuliko kuweka kioo. Nakwangua, nafuta, nakagua kwa taa, nakwangua tena.

KASSIM: Gundi ya kweli ndiyo hiyo nyeusi?

ZUHURA: Poliyurethani. Inakauka kwa kunywa unyevu wa hewani, kwa hiyo inaanza nje na kwenda ndani, taratibu: kama milimita 3 au 4 kwa saa 24. Ukiigusa juu baada ya muda mfupi unasema imekauka, kumbe ndani bado laini. Muda wa kuliruhusu gari litembee umeandikwa kwenye kopo la gundi, na unabadilika na joto na unyevu. Mimi nafuata kopo, sifuati haraka ya mteja.

KASSIM: Ananisema mimi huyo.

ZUHURA: Ulipiga simu mara sita, Kassim.

KASSIM: Tuyaache hayo. Nirudi kwa yule wa kwanza. Kioo alichoweka kilikaa, kwa macho hakina kasoro. Tukifika nyumbani shemeji anawasha redio, inakwaruza. Mimi nasema labda mawimbi. Kesho yake inakwaruza. Halafu jua lilipopiga ndipo tukaona: kile kidogo ni cheusi cha kibluu, wenzake ni weusi wa kikahawia.

ZUHURA: Hapo kuna makosa mawili tofauti. La redio: magari mengi ya aina hiyo hayana ule mlingoti wa antena. Antena ni nyuzi nyembamba zilizochapwa kwenye vioo vya nyuma na vya pembeni, na zinaunganishwa na kidude cha kukuza mawimbi kilichojificha ndani ya nguzo inayoshikilia paa la gari. Wewe uliwekewa kioo kisicho na nyuzi, ule waya ukabaki unaning'inia. Niliukuta umefungwa selotepu.

KASSIM: Umefungwa vizuri tu.

ZUHURA: Na fundo kabisa. La rangi: weusi wa vioo vya nyuma unaotoka kiwandani umo ndani ya kioo chenyewe, si karatasi iliyobandikwa. Ukileta kioo cheupe ukakibandika tinti, mchana watu wanaona. Ndiyo maana mimi siagizi kwa jina la gari na mwaka. Naagiza kwa namba ya chasi, zile herufi na tarakimu 17. Gari moja, mwaka mmoja, linaweza kuwa na matoleo kadhaa ya kioo hicho hicho: chenye antena na kisicho nayo, cheusi na cheupe, chenye mstari wa nikeli na chenye mstari mweusi, cha utando na cha kukazwa.

KASSIM: Na maandishi yale madogo kwenye pembe ya kioo? Ulinionyesha kwa tochi ya simu.

ZUHURA: Hayo yasome kabla hujalipa. Utaona duara lina herufi E na namba: E1 ni Ujerumani, E2 Ufaransa, E11 Uingereza. Hiyo ni nchi iliyopitisha kioo, si lazima kilikotengenezwa. Kuna 43R, ndiyo kanuni ya kimataifa ya vioo vya magari. Kioo cheusi kinachopitisha mwanga chini ya asilimia 70 kinaandikwa V, yaani tano ya Kirumi. Kwa mfumo wa Marekani utaona AS2 kwa kioo cheupe na AS3 kwa kile cheusi. Linganisha na kioo cha upande wa pili, kile kizima. Kama kushoto imeandikwa AS3 na kipya kimeandikwa AS2, kirudishe hapo hapo.

KASSIM: Na cha mtumba? Nilishauriwa nitafute gari lililogongwa mbele, ning'oe cha nyuma.

ZUHURA: Inawezekana. Kukikata ndiyo kazi: unapitisha waya mwembamba kati ya kioo na bodi, watu wawili, mmoja ndani mmoja nje, mnavuta kwa zamu kama msumeno. Cha utando kinaweza kupasuka mkononi. Cha kukazwa kinavumilia, ila ukikigonga ukingoni kinakumwagikia. Mpira wake ndio huchanika. Nikipata ambacho mpira umetoka mzima, nakiweka bila kinyongo.

KASSIM: Sasa tuambie siku ya kazi yenyewe. Maana nilipofika nilikuta kiti cha nyuma kiko sakafuni, nikataka kulia.

ZUHURA: Ili nikifikie kioo lazima ile plastiki ya nguzo ya nyuma itoke. Na juu yake, kando ya dari, umekunjwa mfuko wa hewa wa pembeni. Kwa hiyo kwanza natoa waya wa hasi wa betri, nasubiri dakika ambazo kitabu cha gari kimesema, ndipo nagusa. Klipu za hapo zingine zimeandikwa kabisa kwamba kuna mfuko wa hewa. Ukizing'oa unaweka mpya. Ukirudisha ya zamani iliyolegea, siku mfuko unafumuka ile plastiki inaruka kama kisahani kuelekea kichwa cha aliyekaa.

KASSIM: Yule wa kwanza hakufungua chochote.

ZUHURA: Alibandikia nje, juu ya gundi ya zamani na vumbi lake. Inavyotakiwa, gundi ya zamani unaikata ibaki utando wa milimita moja au mbili, maana gundi mpya inaishika ya zamani iliyokatwa muda huo kuliko inavyoshika kitu kingine chochote. Palipokwaruzika unapaka praima, ile rangi ya kutangulia gundi, unasubiri. Kwenye kioo unasafisha ule mpaka mweusi wa pembezoni, wenye vidotidoti. Watu wanadhani ni urembo. Unakinga gundi isiliwe na jua. Ukishausafisha, usiuguse kwa kidole.

KASSIM: Na mimi nikaugusa.

ZUHURA: Kidole chako na vioo! Nikafuta upya. Halafu ncha ya bunduki ya gundi naikata umbo la V, ili gundi itoke imesimama kama paa la nyumba. Ukikibonyeza kioo, lile paa linalala na kujaza nafasi yote bila kuacha upenyo. Selotepu ya karatasi kukishikilia, na dirisha moja unaliacha wazi kidogo.

KASSIM: Hilo la dirisha sikulielewa.

ZUHURA: Gari zuri linaziba hewa vizuri. Ukibamiza mlango vioo vyote vikiwa juu, hewa ya ndani inatafuta pa kutokea, na inamsukuma aliye dhaifu. Siku hiyo aliye dhaifu ni kioo kipya. Mashine ya kuoshea ya presha usiipeleke hapo kwa siku kadhaa pia.

KASSIM: Wasikilizaji, kabla ya dada Zuhura, mvua ilinyesha mara moja tu. Nikafungua buti, zulia kavu. Nikapitisha mkono chini ya zulia: maji, mpaka kwenye kifundo.

ZUHURA: Na magari mengi ya kifahari yanaweka betri huko huko nyuma, pamoja na visanduku vya umeme. Maji yanapita chini ya kioo, yanateremka ndani ya nguzo, yanatua kwenye shimo la buti. Taa za dashibodi zinaanza kuwaka moja moja, mwenye gari anapelekwa kwa fundi umeme, kumbe tatizo ni silikoni. Wewe uliwahi. Ungechelewa wiki mbili ungeuza kiwanja.

KASSIM: Bima tulisemee neno.

ZUHURA: Soma mkataba, vioo mara nyingine vina kifungu chake. Piga picha kabla hujafagia. Basi.

KASSIM: Nimebakiza swali moja, nilitaka nikuulize nje ya kipindi lakini acha niulize hapa. Redio safi, buti kavu, shemeji anacheka. Ila mkanda wa kiti cha nyuma kulia ukiuvuta unafika nusu, unakwama. Ukiuachia unarudi kwa kusuasua.

ZUHURA: (kimya) Siku kioo kinavunjika, mkanda ulikuwa umerudi ndani au umevutwa?

KASSIM: Umevutwa. Ulikuwa umefunga kiti cha mtoto.

ZUHURA: Na wewe ukautoa kiti, ukauachia mkanda ukarudi.

KASSIM: Eeh.

ZUHURA: Na chembe zote zilizokuwa juu ya utepe zikaingia nao kwenye kikunjio chake, kile kidude kinachouvuta ndani. Nilifyonza vumbi kwenye nguzo, kwenye kizingiti, chini ya kiti, ndani ya tundu za kutolea maji. Mkanda wenyewe sikuuvuta mpaka mwisho. Hilo ni langu, kaka, sikusingizii.

KASSIM: Nipake mafuta kidogo?

ZUHURA: Usithubutu! Wala usiuvute tena, kioo kinakata nyuzi. Asikae mtu hapo, na kiti cha mtoto kihamie kushoto. Niletee gari kesho asubuhi niufungue niuangalie wote, sentimita kwa sentimita. Nikikuta uzi mmoja umekatika, naweka mkanda mpya kwa gharama yangu.

KASSIM: Shemeji nimwambieje?

ZUHURA: Mwambie fundi kasahau kitu. Ni kweli.