Muuguzi Huhesabu Vitanda vya Bweni Lake

Wauguzi wenzangu, nanyi wanafunzi wetu, leo tuzungumze juu ya woga bila kuuonea haya.

Oktoba 2000, Dkt. Matthew Lukwiya, mganga mkuu wa Hospitali ya Lacor, Gulu, kaskazini mwa Uganda, alikuwa masomoni Kampala. Akapigiwa simu: wanafunzi wa uuguzi wanakufa kwa maradhi yasiyoeleweka. Akarudi, akapekua mafaili, akashuku homa ya kutoka damu. Maabara ya Afrika Kusini ikathibitisha Ebola. Wodi ya kutenga wagonjwa ikafunguliwa, watu wakavaa gauni, glavu na barakoa, na bado wauguzi wakaendelea kufa. Mwishoni mwa Novemba walikusanyika ukumbini wakasema basi, imetosha.

Takwimu zingewatuliza? Mlipuko ule uliwapata watu 425, wakafa 224, katika eneo lenye maelfu kwa maelfu ya wakazi. Kwa karatasi, hatari ya mtu mmoja ilikuwa ndogo. Lakini muuguzi hahesabu wilaya. Anahesabu vitanda vilivyobaki vitupu bwenini. Na hesabu yake ndiyo sahihi, maana yeye ndiye amshikaye mgonjwa, afutaye matapishi. Lukwiya alikuwa akiingia wodini pamoja nao tangu mwanzo, kwa hiyo alipowaomba wabaki walimsikiliza, wakarudi kazini. Yeye mwenyewe alifariki tarehe 5 Desemba. Simtaji ili mtu yeyote ajitoe mhanga. Namtaja kwa kuwa watu wale hawakubaki kwa ajili ya waraka.

Mtaani hesabu ni nyingine. Beni, Kongo, raia walikuwa wakichinjwa kwa miaka na msaada haukuonekana. Ebola ilipotangazwa mwaka 2018, magari ya msaada yakafurika. Wengi wakasema ugonjwa huu ni biashara. Ndugu yao aliingia hema la matibabu akiwa hai, akatoka ndani ya mfuko, nani asingeshuku? Kilichosaidia ni vyumba vya plastiki angavu, familia ikamwona mgonjwa wake na kuongea naye, na waliopona, ambao miili yao ilikwisha kupata kinga, wakaajiriwa kulea watoto waliotengwa.

Sasa nawageukia mnaosimamia wodi. Mwenzetu akiugua kazini, waambieni wauguzi asubuhi ileile, mkiwa mmesimama mbele yao, kabla hawajasikia kutoka jikoni. Na vifaa vikiwa pungufu, semeni ni vingapi.