Tangi la Gari Lililobadilishwa Lazima Lipumue

Ndugu mafundi, na ninyi mnaojenga magari ya mashindano, ahsanteni kwa kuja. Leo nazungumzia bomba moja dogo, lile la kupumulia tangi la mafuta. Fedha zote huishia kwenye injini, na bomba hili hufungwa mwisho kabisa, kwa haraka.

Pampu ikivuta petroli, hewa lazima iingie kushika nafasi yake. Tangi likizibwa, shinikizo la ndani hupungua. Likipungua kwa sehemu moja ya kumi tu, ubavu wa tangi wenye sentimita 40 kwa 60 unakandamizwa kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 240 hivi. Alumini inabonyea, gari linakosa mafuta na kuzima, na ninyi mnafungua plagi kutafuta ubovu usiokuwepo.

Joto nalo lina yake. Lita 60 za petroli zikipata joto la nyuzi 20 zaidi huongezeka kwa takriban lita moja, kwa hiyo msijaze mpaka mdomoni. Na gari likipanda kutoka Mombasa hadi Naivasha, karibu mita 1,900 juu ya bahari, shinikizo la hewa hushuka kwa takriban moja ya tano. Mvuke unazidi kutoka. Uende wapi?

Hapa nawasihi: usiende kwenye buti! Nimeona magari ambayo mpira wa kupumulia umeachwa wazi humo humo, kando ya betri. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, mara tatu hadi nne. Haupandi ukatokea dirishani, unatambaa sakafuni. Ukifika asilimia moja na nusu tu ya hewa ya mle ndani, cheche moja inatosha, na dereva amefungwa mikanda.

Bomba litoke juu ya tangi, lipande kupita mdomo wa kujazia, lizunguke hadi upande wa pili wa gari, kisha lishuke litokee nje chini ya bodi, mbali na ekzosi. Gari likilalia ubavu, kipande fulani cha bomba kitabaki juu ya petroli. Likipinduka matairi juu, mzunguko huo hauwasaidii tena. Hapo ni vali ya kupinduka, ambayo uzito wa kigololi chake huziba tundu. Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la michezo ya magari, zinaitaka, pamoja na vali ya kupunguza shinikizo lisizidi milibari 200 vali nyingine zikifunga.

Ifungwe wima. Kabla ya kuifunga, ikiwa mpya na kavu, ipulizeni: ikisimama ipitishe hewa, mkiigeuza ikatae. Mwisho wa bomba wekeni wavu mwembamba wa chuma, maana nyigu hupenda kujenga humo gari likikaa. Vali mbili zipo hapa mezani, moja nzima na moja imekwama. Karibuni mzipulize.