Wakili wa Biashara ya Kimataifa Aitwe Kabla ya Saini

Ahsanteni. Mwenyekiti amenipa dakika arobaini, na nawaonya mapema kwamba nyingi zitaliwa na jambo moja, lile lile ambalo baadhi yenu mmenisikia nikilipigia kelele kila ninapopewa kipaza sauti. Mnaonijua, vumilieni. Siku mikataba itakapoanza kuja imeandikwa vizuri nitanyamaza.

Wafanyabiashara humtafuta wakili wakati mzigo umeshakataliwa bandarini, fedha zimekwama benki na barua za ukali zimeanza kupishana. Hapo hata wakili hodari kuliko wote hawezi kukupa kile ambacho mkataba wako haukukupa. Kazi yake yenye faida kubwa kwako ni ya saa chache tu, nayo ni kabla hujatia saini: kukisoma kifungu cha migogoro na, mara nyingi, kukifuta na kukiandika upya.

Angalieni kinavyoandikwa. Bei imebishaniwa wiki nzima, ubora wa bidhaa vivyo hivyo, tarehe ya kupakia imebadilishwa mara tatu. Kifungu cha migogoro kinakuja usiku wa mwisho, watu wamechoka, mtu anakinakili kutoka mkataba wa bidhaa nyingine na nchi nyingine. Nitawasomea kimoja. Nimekitunga kwa ajili ya leo, lakini mawakili mliomo humu mtaniambia kama kuna ugonjwa ndani yake ambao hamjawahi kukutana nao: “Mgogoro wowote utamalizwa kwa amani, na ikishindikana utapelekwa kwenye usuluhishi wa Chama cha Kimataifa cha Biashara cha London au mahakamani, kwa kufuata sheria za kimataifa.”

Kinapendeza masikioni, sivyo? Tukipasue.

Kumalizwa kwa amani, kwa muda gani? Nani anamwandikia nani kuanzisha mazungumzo hayo? Usipoweka kikomo, mdaiwa atasimama mbele ya msuluhishi, yaani mtu mliyekubaliana awaamulie badala ya jaji, na kusema mazungumzo bado yanaendelea, madai yameletwa kabla ya wakati. Andika siku 30 tangu notisi ya maandishi kupokelewa, na anwani za kupokelea notisi hizo, basi.

Chama cha Kimataifa cha Biashara cha London hakipo. Kuna ICC, Chemba ya Kimataifa ya Biashara, makao makuu yake yako Paris. Kuna LCIA, taasisi ya usuluhishi wa kimataifa ya London. Mwandishi amevichanganya, na sasa mtalipa mawakili wa pande zote mbili wabishane mlikuwa mnamaanisha taasisi gani. Huo ubishi wa kwanza haugusi hata kilo moja ya mzigo wenu. Halafu mmeacha mlango wa mahakama wazi: mmoja atakimbilia mahakama ya kwao, mwenzake atafungua usuluhishi, na mtakuwa na mashauri mawili yanayokwenda sambamba kuhusu kontena zile zile.

Sheria za kimataifa je? Hakuna kitabu kimoja kinachoitwa hivyo ambacho msuluhishi atakifungua kutafuta kanuni za mkataba wenu wa mauzo. Taja sheria ya nchi. Na ukiitaja, jua umepata nini. Wengi huandika “sheria ya Ufaransa” wakidhani wamechagua kanuni za ndani za Ufaransa peke yake. Ufaransa ni mwanachama wa Mkataba wa Vienna wa 1980 wa mauzo ya bidhaa ya kimataifa, kwa hiyo mkataba huo unaingia pamoja na hiyo sheria, isipokuwa kama mmeuondoa. Uingereza si mwanachama, hivyo sheria ya Uingereza haiuleti. Sisemi Mkataba wa Vienna ni mbaya. Kwa mnunuzi na muuzaji wa nchi mbili unaweza kuwa mzuri sana. Nasema uchague ukijua.

Sasa yale ambayo hayamo. Hakuna makao ya usuluhishi. Watu hudhani makao ni ukumbi wa kukaa kusikiliza shauri. Kikao kinaweza kufanyika kwa video au hoteli yoyote duniani. Makao ndiyo yanayoamua ni mahakama za nchi gani zitasimamia usuluhishi wenu na zinazoweza kuitengua tuzo, yaani uamuzi wa msuluhishi. Makao yakiwa Uingereza, anayetaka kuipinga tuzo ana siku 28. Yakiwa katika nchi iliyofuata kama ilivyo Sheria ya Mfano ya UNCITRAL, tume ya Umoja wa Mataifa ya sheria za biashara ya kimataifa, ana miezi mitatu. Mkinyamaza, mtu mwingine atawachagulia.

Hakuna idadi ya wasuluhishi. Chini ya hiyo hiyo Sheria ya Mfano, pande zisipokubaliana idadi, ni watatu. Ada za watu watatu, kalenda za watu watatu. Nimeona watu wakiguna hapo. Guneni, ni fedha zenu. Hakuna lugha pia, kwa hiyo nusu ya barua pepe zenu zitapelekwa kwa mfasiri kabla hazijasomwa.

Najua kuna mtu anawaza: huo ni ushauri wa makampuni makubwa, mkataba wangu ni wa dola laki moja. Ndugu yangu, wewe ndiye unayeuhitaji zaidi! Kampuni kubwa inaweza kubeba gharama ya kifungu kibovu, wewe huwezi. Kufungua tu shauri ICC ni dola 5,000, hazirudishwi, na hapo wasuluhishi hawajalipwa. Mwenzako akikataa kuweka sehemu yake ya amana ya gharama, taasisi itakugeukia wewe mdai uilipe, la sivyo shauri linasimama. Kwa mkataba wako andika msuluhishi mmoja. Uliza kuhusu utaratibu wa haraka: kwa makubaliano ya usuluhishi yaliyofanywa tangu tarehe 1 Januari 2021, kanuni za ICC za 2021 zinautumia kwa madai yasiyozidi dola milioni 3, na tuzo inalengwa kutoka ndani ya miezi sita tangu kikao cha kwanza cha kupanga shauri. Na taasisi zote kubwa zinatoa vifungu vya mfano bure. Kinakili neno kwa neno, jaza makao, idadi, lugha na sheria, kisha wakili akikague. Usikipambe. Mapambo ndiyo huwa yanatuletea kesi.

Mwingine atasema, kwa nini tusiende mahakamani tu? Nenda, kama mali za mwenzako ziko nchi hiyo hiyo. Swali la kwanza ambalo wakili mzuri atakuuliza ni mali ziko wapi: akaunti, maghala, meli, madeni anayodai wengine. Hukumu ya mahakama ya kwenu inaweza kufika huko ikawa karatasi. Tuzo ya usuluhishi ina Mkataba wa New York wa 1958 wa kutambua na kutekeleza tuzo za kigeni, wenye nchi zaidi ya 170, na mahakama ya kule inaweza kuikataa kwa sababu chache zilizoorodheshwa tu: mathalani mdaiwa hakupewa notisi, au msuluhishi alivuka mipaka ya alichopewa. Kwamba msuluhishi alikosea kupima ushahidi si mojawapo. Ndiyo maana notisi lazima itumwe kwa njia iliyotajwa kwenye mkataba, na stakabadhi ya kupokelewa itunzwe. Wapo wanaoshinda shauri zima wakaangushwa na bahasha.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, kuajiri kwenyewe, haraka haraka.

Kabla ya kumwaga siri zako, mpe wakili majina: mwenzako, kampuni mama yake, benki, meli, mkaguzi wa mzigo. Acheki mgongano wa maslahi kwanza. Kisha muulize amesimamia mashauri mangapi ya bidhaa ya aina yako mpaka tuzo, na ni nani hasa atakayeandika hoja, yeye au kijana wa ofisini kwake. Leseni nayo ina mipaka. Kwenye usuluhishi nchi nyingi huruhusu wakili wa kigeni akuwakilishe, lakini kortini, kwenye makao au kule ziliko mali, utahitaji wa pale pale. Kwa hiyo bajeti ni ya mawakili wawili au watatu, na anayekuambia yeye peke yake atamaliza kila kitu duniani, mwogope.

Ada: usikubali kiwango cha saa peke yake. Taka makadirio kwa hatua: tathmini ya mwanzo, notisi, maelezo ya madai, nyaraka na mashahidi, kusikilizwa, utekelezaji. Kila hatua iwe na kikomo, na barua ya ajira iseme kisipite bila idhini yako ya maandishi.

Muda. Madai ya mzigo dhidi ya mwenye meli chini ya Hague-Visby, kanuni za kimataifa za kubeba mizigo kwa meli, hufa baada ya mwaka mmoja tangu mzigo kukabidhiwa au ulipopaswa kukabidhiwa. Chini ya Mkataba wa Vienna mnunuzi lazima atoe taarifa ya kasoro ndani ya muda wa busara, na kwa vyovyote isizidi miaka miwili. Ukipiga soga za maridhiano hadi tarehe ipite, umepoteza. Kama mnajadiliana, andikianeni kusimamisha muda, saini mbili.

LC, ile ahadi ya benki kumlipa muuzaji akileta hati zilizotajwa, ilistahili saa nzima. Niseme hili tu: benki inaangalia hati, mzigo wenyewe haiuangalii, na ina siku tano za kazi kuzikubali au kuzikataa. Na msuluhishi hana amri juu ya benki ambayo haimo kwenye mkataba wenu. Ukitaka malipo yazuiwe kwa sababu ya ulaghai, hiyo ni mahakama, na ni leo, si wiki ijayo.

Upatanishi, ambapo mtu wa tatu anawasaidia mkubaliane wenyewe bila kuwaamulia, nimeubakizia dakika moja, na ndio ulio nafuu kuliko vyote. Mlete mtu mwenye mamlaka ya kusaini, siyo wa kupiga simu makao makuu. Wakili aje na hesabu: mkishinda mtapata nini, mkishindwa mtalipa nini, gharama za kufika huko ni kiasi gani. Mkikubaliana, makubaliano yaandikwe na kusainiwa kabla mtu hajatoka chumbani, na mpatanishi naye asaini kuthibitisha, maana Mkataba wa Singapore wa kutekeleza makubaliano ya upatanishi nje ya nchi, unaotumika tangu 2020, unadai ushahidi kwamba makubaliano yametokana na upatanishi. Nchi zilizoingia humo bado ni chache kuliko za New York, kwa hiyo wakili aangalie kwanza kama nchi ziliko mali imo.

Basi, mwenyekiti amesimama. Maswali, na tuanze na yule mama wa nyuma aliyetikisa kichwa nilipotaja wasuluhishi watatu.