Si Kijana, Si Mzee: Kupigwa Kalamu Ukiwa na Miaka 48

HALIMA: Karibuni tena, kutoka hapa Nairobi. Odongo, matangazo ya kazi ya siku hizi unayasoma?

ODONGO: Nayasoma, dada. “Mwombaji awe na miaka 25 hadi 35.” Ukishuka chini: “awe na tajriba ya miaka 10.” Huyo wa 25 aliajiriwa akiwa darasa la nane?

HALIMA: (Anacheka) Na Katiba ya 2010, kifungu cha 27, inakataza ubaguzi wa umri waziwazi.

ODONGO: Inakataza, ndiyo. Ila ukifungua Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, orodha iliyopitishwa ina rangi, dini, ulemavu, ujauzito, hata hali ya ndoa. Umri haukutiwa.

HALIMA: Basi wa miaka 48 tumweke wapi? Kwa Katiba hiyo hiyo, kijana anaishia 35, na mzee ni aliyepita 60. Pesa za Inua Jamii, zile serikali huwapa wazee, atangoje hadi 70. Na huyo ndiye analipa karo ya watoto watatu!

ODONGO: Nikuulize kitu kigumu. Mwajiri anasema mshahara wa huyo mmoja unalipa vijana wawili, na vijana wenye digrii wamejaa mtaani. Utamjibuje?

HALIMA: Nitamwambia atuonyeshe hao wawili. Mimi ninachokiona ni kiti kufutwa, kisha kijana aliyekuwepo anabebeshwa kazi mbili kwa mshahara ule ule. Na kabla ya hapo huyo wa 48 ameambiwa amfundishe! Nenda Industrial Area, kuna fundi anayesikia mashine ikikohoa tu anajua beringi imekwisha. Huyo ukimtoa, utamwita tena kama kibarua, umlipe kwa siku.

ODONGO: Hapo umesema kweli. Tena sheria haimwachi mwajiri achague anavyotaka. Akipunguza watu, kifungu cha 40 cha hiyo Sheria ya Ajira kinamtaka aangalie muda ambao mtu amekaa kazini, ujuzi wake, na kama anategemeka. Afisa wa leba apewe notisi ya mwezi mmoja. Na malipo yasipungue mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliotimizwa.

HALIMA: Wengi hupewa barua Ijumaa jioni, kompyuta ishafungwa.

ODONGO: Halafu wanaambiwa “umefika umri wa kustaafu.” Upi? Serikalini ni 60, tangu 2009 ulipopandishwa kutoka 55. Kampuni binafsi haina umri iliowekewa na sheria. Inategemea kandarasi yako.

HALIMA: Kwa hivyo isome leo, ukiwa bado na kazi.

ODONGO: Na ukiletewa karatasi ya kukubali kuondoka “kwa hiari,” omba uende nayo nyumbani kwanza. Wakikataa, usitie sahihi.